Kwa nini sare za Nambilanje zilichelewa

Najua nimeadimika humu, mitihani na foleni ya mgahawani vimenila. Lakini kuna deni moja linaniwasha na leo nalilipa.

Mnakumbuka Januari 2024, tukiwa mwaka wa pili, watu 14 mlinichangia hela za bumu ili watoto wa kidato cha kwanza kule kwetu Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, wapate sare na kuripoti shule. Hela mlitoa mapema kabisa. Sare zikachelewa wiki tatu. Mlipouliza nikawaambia "mtandao ulisumbua". Huo ulikuwa ukweli nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa ni mimi.

Haya, turudi nyuma kidogo. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka 2023 niliomba nipangwe nyumbani. Shuleni nikakuta laptop moja nzee na modemu, ipo chini ya mwalimu wa taaluma, ambaye aliwahi kunifundisha mimi mwenyewe. Mtu yule simu yake ni kiswaswadu, kwa hiyo msianze na habari za WhatsApp. Nikamwandikia kiprogramu cha Python: kila Ijumaa anaandika majina ya wanafunzi wasiofika, anabonyeza kitufe kimoja, orodha inakuja kwenye seva ya barua pepe tuliyoiweka maabara ya kompyuta hapa chuoni kwa ajili ya kujifunzia. Mwisho kiprogramu kinaandika kwa herufi kubwa: IMETUMWA. Mwalimu alifurahi sana. "Mwanangu, hii sasa ndiyo elimu," aliniambia, nami nikavimba kichwa.

Kuanzia Septemba mpaka shule zilipofungwa Desemba, kila orodha ilifika.

Sasa Desemba hiyohiyo ya 2023 mtafiti mmoja, Timo Longin wa kampuni ya SEC Consult, alitangaza ujanja ambao ukiutafsiri unakuwa "magendo ya barua pepe". Nitaeleza taratibu maana hapa ndipo penye utamu. Seva zikipelekeana barua, mwisho wa barua unajulikana kwa mstari wenye nukta peke yake. Na kila mstari kwa sheria unamalizwa na alama mbili zisizoonekana, moja ya kurudi mwanzo wa mstari na moja ya kushuka chini. Ni mambo ya enzi za mashine za chapa: unasukuma kigari kirudi kulia, halafu karatasi inapanda. Programu nyingi kwa uvivu zinaweka ile ya kushuka tu. Seva nyingi kwa upole zilikuwa zinakubali.

Mtu wa magendo anaingia kwenye upole huo. Katikati ya barua yake anaweka nukta iliyomalizwa vibaya. Seva ya kwanza inaiona ni maandishi ya kawaida, inapitisha. Seva ya pili inaiona ni mwisho wa barua, na kinachofuata inakihesabu ni barua nyingine mpya, yenye jina la mtu mwingine kabisa, tena imekuja kutoka kwa seva inayoaminika! Watu wa kusini mtanielewa haraka: ni kama mtu wa kangomba aliyepenyeza gunia lake kwenye mzigo wa AMCOS. Likishafika ghalani nani atalijua?

Seva yetu ilikuwa inatumia Postfix, ile programu ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998 alipokuwa IBM. Toleo la 3.9 lilikuwa bado la majaribio, na dawa ya magendo iliwekwa humo haraka. Kipengele kinaitwa smtpd_forbid_bare_newline. Kazi yake wakati huo ilikuwa kali: mtu wa nje akileta mstari wenye alama moja badala ya mbili, anaambiwa kosa na laini inakatwa hapohapo. Hakuna kujieleza.

Mimi na jamaa yangu mmoja wa mwaka wa tatu hatukusafiri Krismasi ile. Tukaona hii ndiyo nafasi ya kujifunza, tukapakua toleo la majaribio, tukaliweka. Tukajaribu kutuma barua kutoka kompyuta zote za maabara. Zote zikapita, mpaka tukagongeana mikono. Ila hatukusoma maelezo yote. Kipengele kile kinawasamehe walio kwenye mtandao wa ndani, na sisi majaribio yetu yote tuliyafanya ndani! Wa nje alikuwa Nambilanje peke yake.

Na kile kiprogramu changu, jamani, kilikuwa cha wale wavivu. Nilikiandika chote kwa mkono, kila mstari na alama moja. Kwa hiyo shule zilipofungua Januari, laptop ya Mwalimu ilikuwa inakatiwa laini kwenye salamu ya kwanza tu. Baya zaidi ni hili: kiprogramu kilikuwa kinasubiri jibu la seva lakini hakilisomi, kama mwanafunzi anayeitikia "ndiyo mwalimu" huku anachungulia dirishani. Nilikiambia kikikwama kinyamaze, kisimtishe mzee. Halafu kinaandika IMETUMWA.

Wiki ya kwanza Mwalimu akatuma ujumbe wa simu: orodha umeipata? Nikajibu bado, Mwalimu, labda mtandao, tuma tena. Akatuma tena. Wiki ya pili vilevile. Kumbe naye alikuwa anapanda na laptop mpaka kwenye mwembe ambako mtandao unashika, jua la mchana, mara tatu kwa siku. Wiki ya tatu akapiga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, kama umebanwa na masomo sema tu. Mashine yako inasema imetumwa, wewe unasema hujapata. Mimi nimwamini nani?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua kalamu, akanisomea majina kwenye simu, 23, mmoja mmoja, na salio lilimwishia mara mbili. Tisa aliweka alama kwamba kinachowazuia ni sare. Hela nikaituma jioni ileile, fundi akashona siku tano.

Usiku ule ndipo nilipofungua kumbukumbu za seva. Laini za Nambilanje zilizokatwa zilikuwa zimejipanga pale, tarehe na saa, kila safari ya Mwalimu ya kwenda mwembeni. Niliziangalia mpaka mlinzi akaja kufunga.

Mwishoni mwa Januari kipengele chenyewe kikabadilishwa. Matoleo mapya yakaanza kupokea mstari wenye upungufu na kuurekebisha, ila mwisho wa barua sharti uwe na alama zake kamili, basi mtu wa magendo hana pa kupenyeza. Toleo kamili la 3.9 likatoka Machi 2024 na utaratibu huo. Nilijaribu kiprogramu changu cha zamani nikiwa nje ya chuo, kikapita. Jamaa yangu anasema lile la kwanza ndilo lilikuwa sahihi, mkosaji akatiwe laini ajifunze. Mimi siwezi kulilaumu, kosa lilikuwa langu. Lakini aliyekatiwa laini hakuwa mimi, alikuwa mzee wa watu chini ya mwembe.

Kiprogramu nilikirekebisha hata hivyo. Sasa kinasoma jibu, na kama seva haijakubali kinaandika: HAIJAFIKA, MPIGIE SIMU.

Watoto wanane kati ya tisa waliripoti. Wa tisa ni binti, siku sare inafika alikuwa ameshachukuliwa na shangazi yake kwenda Masasi kufanya kazi za ndani. Angetumiwa wiki ya kwanza angekuwepo bado, Mwalimu ameniambia hivyo, hakulificha. Sketi yake ipo kwenye kabati la ofisi. Viatu vyake sikununua, kwa hiyo kwenye michango yenu ilibaki shilingi 18,000. Ninayo mpaka leo. Niambieni tuifanyie nini.