Mutuka Ilitetemeka, Nami Nikamuhukumu Mutoto

Mpenzi msomaji, umekwisha kukaa ndani ya mutuka ambayo, ikisimama tu, inatetemeka kama mugonjwa wa malaria? Vioo vinalia, usukani unachezacheza mikononi. Ukikanyaga esansi kidogo inatulia, nawe unasahau. Yetu ilikuwa hivyo. Ilikuwa Toyota Corolla ya zamani, ya karbirata, iliyofanya taksi hapa Likasi. Mpwa wangu ndiye aliyeiendesha, na kwa feza ya taksi ile tulikula.

Mekanisie wa kwanza alifungua kapo, akasikiliza kidogo tu, akasema: «Baba, hii motere ilishakufa. Tafuta ingine.» Motere ya okazyo iliombwa dola 450. Nyumbani tulikuwa na feza tuliyoweka kando kwa binti yetu, aliyekuwa katika mwaka wa sita wa sekondari: ya masomo na ya mtihani wa Serikali. Usiku nilianza kuihesabu. Tena nilimkasirikia mpwa wangu: «Ni weye uliharibu mutuka, unakimbiza sana!» Akajibu kwa upole: «Mujomba, nilikuambia, fré nayo iko nguvu tangu ile juma.» Nilimnyamazisha. Nilidhani anajitetea tu.

Kesho yake akapita mzee wa jirani, aliyetumika miaka mingi katika karakana ya magari ya mgodi. Nilimweleza shida yangu. Akasema: «Mbele ya kutosha feza, sikiliza. Mutuka iko nasema. Ni weye hausikie.»

Alitueleza hivi. Motere yetu ina silindiri nne. Kwenye ralanti inazunguka mara 800 hivi kwa dakika, na kila silindiri inapiga mara moja katika mizunguko miwili. Kama moja haipigi, wengine watatu wanabeba mzigo wa wanne, na pole pole namna ile pengo linasikika. Ukikimbiza motere, pengo linafichama. Lakini kama motere inapiga sawasawa na ni mwili wa mutuka tu unaotetemeka, tazama sapori za motere: mpira wake umepasuka.

Yetu haikupiga sawasawa. Basi tukatafuta ni silindiri gani iliyolala. Tulizima motere, tukatoa waya ya buji moja, tukaifunga kwenye buji ya zamani iliyogusa chuma cha motere, tukawasha kidogo. Kijana, usitoe waya hii motere ikizunguka: umeme wake ni wa volti maelfu. Ya kwanza: motere ikazidi kutetemeka, maana yake silindiri ile ilikuwa inatumika. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya ine: hakuna kilichobadilika. Mvivu alipatikana!

Nilitaka kukimbia sokoni kununua buji. Mzee akanizuia. Tulipeleka buji ya ine kwa silindiri ya tatu, na ya tatu kwa ya ine. Kama ugonjwa ungemfuata buji, buji ndiye mwenye kosa. Haukumfuata. Tukabadilisha nyaya pia. Ikawa ile ile. Lakini buji ya ine ilikuwa nyeupe, si rangi ya kahawa nyepesi kama wenzake. Weupe ule ulionyesha kwamba hewa ilikuwa nyingi kuliko esansi. Kama ingekuwa na masizi meusi, tungewaza esansi nyingi, au filtri ya hewa iliyojaa vumbi letu hili la mgodi.

Hapo mzee akamugeukia mpwa wangu: «Weye unaiendesha kila siku. Unasikia nini ingine?» Kijana alinitazama kwanza. Kisha akasema: «Fré iko nguvu, mzee.»

«Basi, tumefika.»

Tiyo nene ya mpira inatoka karibu na silindiri ya ine, inaenda kwa chombo kinachosaidia fré. Mzee alimwagia maji ya sabuni pale inapoungana. Povu likavutwa ndani, na sauti ya motere ikabadilika. Tiyo ilikuwa imepasuka kwa joto, upande wa chini, pasipoonekana. Hewa iliingia mle bila ruhusa, na fré ikakosa msaada wake. Tulinunua tiyo mpya, ile ya fré kabisa, kwani tiyo ya esansi ingebonyea. Haikufika dola 10. Motere ikatulia, na fré ikawa laini.

Mpenzi msomaji, siku ile miguu yangu ilikosa nguvu. Mutuka ilikuwa ikiteremka na watu ndani, fré ngumu, na mutoto aliyenionya nilimfunga kinywa. Jioni, mbele ya watoto wote, nilimwambia: «Mpwa wangu, ni mimi nilikosa. Unisamehe.» Binti yetu aliandika mtihani wake.

Wazazi, mbele ya kufungua motere na mbele ya kufungua sanduku la feza, anzeni na kile kisicholipisha: kusikiliza. Nanyi vijana, fré ikikuwa nguvu, simamisha mutuka, hata kama mwenye mutuka anakasirika. Sema mara ya pili, sema hata mara ya tatu.