Kuzitafutia Sauti Kompyuta za Linux

Walimu wenzetu wametuuliza zaidi ya mara moja kwa nini tulihangaika karibu muhula mzima kuzitafutia sauti kompyuta ambazo fundi alikwisha kutuambia kuwa zimekufa. Makala haya ni jibu letu kwao, na huenda yakawafaa wengine walio na mashine kama zetu.

Mwalimu wa historia aweza kufundisha kwa kitabu na ramani, na wanafunzi wakafaulu vizuri. Mwalimu wa lugha hana budi awe na sauti. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda, hasa katika sehemu za Buganda ambako watoto hawakikuti Kiswahili nyumbani, twalijua jambo hili kuliko wenzetu wa Tanga na Mombasa. Mtoto wa pwani husikia "dhahabu" na "ghali" kabla hajajua kusoma. Mtoto wa kwetu huyaona maneno hayo ubaoni kwanza, kisha huyasikia kinywani mwa mtu mmoja tu, naye ni mwalimu wake. Ulimi wa mwalimu huyo aghalabu umelelewa na Kiganda, lugha isiyo na dh, wala th, wala gh, na ambayo ndani yake l na r hubadilishana kwa kufuata irabu iliyotangulia. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, haja ya kuwasikilizisha watoto sauti nyingine zaidi ya yetu imekuwa si ya kuahirishwa tena.

Ndiyo maana tulifurahi mno shule ilipopata kompyuta 12 zilizokwisha kutumika kwingine, zikiwa zimetiwa Linux ya namna ya Ubuntu. Tulimwomba mwalimu mwenzetu aliyeko Tanga atunasie sauti za watu wa kwao, naye hakutuvunja moyo. Alituletea kwa flashi saa tatu nzima: bibi mmoja akisimulia hadithi, wavuvi wakibishana juu ya bei, na watoto wakisoma maneno mawili mawili, kalamu na karamu, mahali na mahari. Tuliziwasha mashine, tukalifungua faili la bibi, tukaona mshale ukitembea na dakika zikihesabika. Hapakusikika kitu.

Fundi aliyeitwa alizungukia mashine kwa robo saa. "Mwalimu, kadi za sauti zimekufa," alisema. "Hizi mashine ni bubu." Shauri lake lilikuwa zinunuliwe kadi 12 za kuchomeka kwa nje, kila moja kwa shilingi 45,000 za Uganda. Hiyo ni jumla ya shilingi 540,000, nasi kwa fedha hizo tulikuwa tukitarajia vitabu vya hadithi vya darasa zima. Mhasibu wa shule alicheka, wala si kwa furaha.

Lile neno "bubu" halikutuondoka akilini. Katika lugha yetu bubu ni asiyeweza kusema. Aliyenyamaza aweza, ila hataki au hajaona haja. Aliyenyamazishwa naye aweza, ila kuna aliyemfunga kinywa. Hali hizi tatu hazitibiwi kwa dawa moja, na fundi aliyeziita zote kwa jina la kwanza alikuwa amekwisha kuamua kununua kabla ya kuchunguza. Tukaona heri tuzihoji mashine wenyewe.

Inafaa tueleze kwanza hiyo kadi ni nini. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio tu. Aliyetaka muziki au maneno baadaye alinunua kadi ya pekee na kuichomeka ndani. Mojawapo iliyovuma sana ni Sound Blaster ya mwaka 1989, iliyotengenezwa na kampuni ya Creative ya Singapore. Siku hizi kadi imebaki jina, maana kazi yake hufanywa na chipu ndogo iliyogandishwa juu ya ubao mkuu wa mashine, kwa kufuata kanuni zilizotolewa na Intel mwaka 2004. Chipu hugeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, na spika huyageuza mawimbi hayo kuwa mtikisiko wa hewa. (Wako watakaotulaumu kwa kusema kompyuta badala ya tarakilishi au ngamizi. Ugomvi huo tunauachia mkutano wa mwaka.)

Linux nayo ilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Kwa kuwa watengenezaji wengi wa chipu walijali Windows peke yake, viendeshi vya Linux, yaani programu ziwezeshazo mfumo kusemezana na kifaa, mara nyingi viliandikwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Cheki alianzisha kazi iliyopewa jina la ALSA, nayo ikawa njia kuu ya sauti katika kiini cha Linux cha toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003. Kuna jambo moja hapa ambalo mwalimu wa matamshi hawezi kulipita. Watu walikuwa wakibishana jinsi ya kulitamka neno Linux, na katika miaka ya 1990 Torvalds alinasa sauti yake mwenyewe akilitamka, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswidi, ambacho ndicho lugha ya kwao. Faili hizo fupi zikawa kipimo: mtu akimaliza kuitengeneza kadi yake, humsikiliza mwenye mfumo akitamka jina la mfumo wake.

Tulipoanza kuhoji tulifuata utaratibu uleule tuufuatao kwa mwanafunzi aliyeshindwa kutoa sauti fulani. Hatuanzi na midomo. Twauliza kama pumzi inatoka mapafuni, kisha koo, kisha ulimi, na midomo mwisho. Katika Linux, mapafu ni ile chipu yenyewe. Amri iitwayo lspci huorodhesha vifaa ambavyo mfumo umevitambua ndani ya mashine, na mashine 11 kati ya 12 ziliitaja chipu ya sauti waziwazi. Ile moja isiyoitaja ilikuwa imefungwa mbali zaidi, kwenye BIOS, yaani yale mapangilio ya awali yasomwayo kabla Linux haijaamka. Huko kulikuwa na mstari wa sauti uliozimwa, pengine na wenye ofisi waliochoshwa na kelele. Tuliuwasha, mashine ikapata mapafu.

Baada ya hapo kuna amri ya aplay -l, ambayo huonyesha kadi ambazo ALSA iko tayari kuzitumia. Hapa palikuwa na mengi ya kujifunza, kwa sababu kila mashine ilionyesha njia mbili za kutolea sauti: moja iendayo kwenye tundu la spika, na nyingine ipitayo katika waya wa picha kwenda kwenye kioo. Katika mashine tatu, mfumo ulikuwa umeichagua hiyo ya pili. Sauti ya bibi wa Tanga ilikuwa ikitoka tangu siku ya kwanza bila kosa lolote, ikapelekwa kwenye vioo visivyo na spika. Wala hapakuhitajika ufundi kulirekebisha jambo hilo. Ukurasa wa sauti katika mapangilio ya Ubuntu una mahali pa kuchagua pa kutokea, na kubonyeza mara moja kulitosha.

Lakini mashine sita zilikuwa na hali nyingine, nayo ndiyo tunayotaka wenzetu waishike. Ukiandika alsamixer katika dirisha la amri, huja picha ya vichanganya sauti: nguzo zilizosimama kwa safu, kila moja na jina lake na kiasi chake. Chini ya nguzo iliyo wazi huandikwa 00. Chini ya nguzo iliyonyamazishwa huandikwa MM. ALSA kwa desturi yake huianza kadi mpya nguzo zote zikiwa zimenyamazishwa, yaani hata kadi nzima huzaliwa imefungwa kinywa, na ni juu ya mfumo au mwenye mashine kuifungua. Aghalabu Ubuntu huifungua yenyewe, lakini katika hizo sita nguzo kuu, au ile ya spika, ilikuwa bado na MM, hata ungeongeza kiasi mpaka mia kwa mia. Tuliiendea kwa vishale, tukabonyeza herufi M, MM ikageuka 00.

Mashine ya kumi na moja ilituchelewesha siku mbili. Kila kitu kilikuwa wazi, na bado kimya. Mwisho tuliona katika alsamixer hiyohiyo mstari uitwao Auto-Mute. Kazi yake ni kuzima spika mtu anapochomeka hedifoni. Tundu la mbele la mashine hii lilikuwa limelegea, likidai kwamba hedifoni imo ilhali haimo. Tulipouzima mstari huo, spika ikaitika.

Kwa kujaribu, tuliandika speaker-test -t wav, na mtu asiyeonekana akatuambia kwa Kiingereza kwamba yuko mbele. Wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa dirishani walipiga makofi. Kisha tukamfungulia bibi. "Mwalimu," aliuliza mmoja wao, "mbona akisema dhahabu ni kama anauuma ulimi?" Kwa miaka mingi tumeichora picha ya ulimi na meno ubaoni kwa ajili ya sauti hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza swali. Msichana mwingine, ambaye darasani husema kwa shida, aliirudia "mahari" ya watoto wa Tanga mara tisa, akiifuata kwa kunong'ona, mpaka jirani yake akamwomba avae hedifoni.

Jumatatu iliyofuata mashine nne zilikuwa kimya tena. Sababu haikuwa ngeni: umeme ulikatika Ijumaa jioni. Mfumo huhifadhi mapangilio ya sauti wakati wa kuzimwa kwa utaratibu, na mashine inayokatikiwa na umeme haipati nafasi hiyo. Dawa yake ni kuandika sudo alsactl store mara tu sauti inapopatikana, bila kungoja kuzima. Mwalimu wa mahali penye umeme wa kubahatisha asiiache amri hii.

Juu ya kila mashine tumebandika karatasi yenye amri hizi kwa maelezo ya Kiswahili. Tulipofika kwenye MM tulitaka kuandika "imenyamazishwa", lakini wanafunzi walikuwa wamekwisha kuipa maana yao, nayo ni "mdomo mzito". Tuliwakubalia. Mhasibu naye amekubali kununua kadi moja ya nje kwa ajili ya mashine ya kumi na mbili, ambayo chipu yake imo katika orodha na nguzo zake zote zi wazi, ila haijatoa hata mlio. Kadi hiyo haijafika bado, na kwa sasa twaitumia mashine hiyo kuandikia mitihani.

Walio na matoleo mapya ya Ubuntu watakuta msimamizi wa sauti aitwaye PipeWire mahali pa PulseAudio wa kwetu, lakini alsamixer na aplay zingali zilezile. Na yeyote anayezitaka sauti za Tanga aje shuleni na flashi yake, kwa kuwa saa tatu zote hazijazi hata megabaiti 200.