Ufunguo wa Ramani za Ukame Ukambani

Ufunguo wa ramani ndio kisanduku kinachomweleza msomaji kila rangi na kila alama ina maana gani. Katika karatasi za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, ufunguo ulipigwa chapa pembezoni mwa ramani: barabara ya lami, ya vumbi, mto wa msimu, kisima. Alama zilikuwa zile zile kila mahali, hivyo aliyezoea karatasi ya Mwingi aliisoma ya Kibwezi bila taabu.

Ramani za takwimu hazikuwa na utulivu huo. Zilipochorwa kwa mkono, mipaka ya tarafa ilinakiliwa, ikajazwa kwa kalamu za rangi, na ufunguo ukaja mwisho, pale palipobaki nafasi.

Kompyuta haikuondoa tabia hiyo mara moja. Programu ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, ilifikia toleo la 1.0.0 mwaka 2000. Waliochorea ramani humo miaka ile wanakumbuka kwamba amri moja ilipaka maeneo rangi na amri nyingine kabisa iliweka ufunguo. Mchoraji aliandika mwenyewe orodha ya rangi na orodha ya maneno, na programu haikujali kama zinalingana na kilichochorwa. Akibadilisha mipaka ya makundi upande wa ramani na kuusahau ufunguo, ramani ilitoka safi, ya kupendeza, na ya uongo. Kosa la kalamu huonekana. La printa huaminiwa.

Kona ya kuwekea ufunguo nayo ilibidi itajwe. Kitui iko mashariki ya Mto Athi, Makueni magharibi yake, kwa hiyo kaunti hizi zikichorwa pamoja, nafasi tupu hubaki juu kushoto, penye Machakos na Embu, na chini kushoto, upande wa Kajiado. Kisanduku kikiwekwa kulia hufunika Kitui kirahisi.

Mwaka 2007 Hadley Wickham alitoa kifurushi cha R kiitwacho ggplot2, na mambo yakageuka: rangi zikifungwa kwenye data, ufunguo hujitengeneza wenyewe. Tangu toleo la 3.0.0 la mwaka 2018, kifurushi hicho huchora mipaka ya maeneo moja kwa moja. Ufunguo na ramani havikuweza tena kusema mambo mawili. Kilichobaki ni usomekaji. Takwimu zikigawanywa kwa amri ya kawaida, kundi huweza kuandikwa [35,50), mabano ya mraba upande mmoja na ya duara upande wa pili, maandishi ambayo hayana kazi kwenye baraza la chifu. Huandikwa upya: 35 hadi chini ya 50, hali ya kawaida.

Mipaka ya makundi ndiyo penye uzito wote. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), iliyoundwa mwaka 2011, hutumia kipimo cha hali ya mimea kinachotokana na picha za setilaiti, chenye mipaka isiyohama: 35 hadi 50 ni kawaida, 20 hadi 35 ukame wa wastani, 10 hadi 20 ukame mkali, chini ya 10 wa kupindukia. Programu ikiachiwa igawe maeneo katika mafungu matano yenye idadi sawa, fungu moja litakuwa jekundu hata baada ya mvua nzuri za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo la Ukambani. Ramani ya namna hiyo haiwezi kuwekwa kando ya ile ya mwezi uliopita.

Msongamano wa watu huleta shida ya aina nyingine. Sensa ya 2019 iliipa Makueni watu 121 kwa kilomita ya mraba na Kitui 37. Mipaka inayofaa nchi nzima, yenye Nairobi ndani yake, huzitia kaunti zote mbili katika rangi moja hafifu. Mchoraji wa Ukambani hana budi kuweka mipaka yake.

Rangi zenyewe huchaguliwa kwa kufikiria fotokopi, maana nyekundu na kijani vyenye kiza sawa hutoka kijivu kile kile. Ngazi inayotoka hafifu kwenda nzito hustahimili. Na eneo lisilo na takwimu hupakwa kijivu, lakini rangi zikiwa za mfululizo, ggplot2 haikiweki kijivu hicho katika ufunguo. Mchoraji hukiongeza mwenyewe, pamoja na maneno “hakuna takwimu”.