Kusoma pori kwa upinde, kutoka Chemba hadi Kolo

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya lami ya Babati, magharibi yake, upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, ndiko kwa Wasandawe, watu wa lugha ya vidoko ambao wazee wao walilisha familia kwa upinde na asali.

Mshale haufiki mbali. Kwa hiyo mwindaji aliyeingia pori jipya hakuanza kwa kutafuta swala. Alitafuta maji, hasa kiangazi vijito vikishakauka. Hapo alisoma nyayo: zenye kingo kali ni za leo, zilizomomonyoka ni za juzi. Kisha aliachia vumbi kidogo lidondoke mkononi aone upepo unaelekea wapi, maana swala akinusa mtu, kazi imekwisha. Sumu ya mshale nayo haiangushi mnyama papo hapo. Kumfuatilia ndiko kulikomkomaza kijana.

Leo kuwinda ni kwa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Swagaswaga ni Pori la Akiba. Babu anaweza kumfundisha mjukuu kwa nyayo za mbuzi nyuma ya nyumba. Si sawa, lakini ni kitu.

Wazazi wenye siku moja ya mapumziko wawapeleke watoto Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu warefu wembamba, wanyama, uwindaji. Njia ni ya kupanda, bebeni maji. Kabla ya kufika mwambani, waulizeni watoto upepo unatoka wapi.