Tulihesabu Mikoa, Tukasahau wa Kwetu

Ukiingia sebuleni kwetu hapa Magomeni, Mtwara, utaona ramani ya Tanzania imebandikwa ukutani. Ni ramani ya zamani. Mpaka wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002, tuliuchora wenyewe kwa kalamu. Vivyo hivyo mipaka ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ya mwaka 2012, na ule wa Songwe wa mwaka 2016. Ukijumlisha mikoa 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar unapata 31. Siku tulipoibandika, baba watoto alitangaza kuwa familia yetu itaitembelea yote, na kila mkoa tutakaofika watoto wataupaka rangi nyekundu.

Watoto walishangilia. Jioni ile ile wakaupaka Mtwara, kwa kuwa ndipo tunapoishi.

Mbio za kuhesabu

Mimi ni mshonaji. Kwa mwaka mzima, kila gauni nililomaliza nilitia shilingi 1,000 katika kibubu. Baba watoto akaongeza fedha kidogo za korosho. Likizo ya Juni ilipofika tulifunga mizigo, tukamwachia mama mkwe nyumba na kuku. Nilijiambia kwamba magoti yake yanamsumbua, basi litamchosha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepiga hesabu ya nauli ya mtu wa sita, nikaona ni kubwa.

Tulipita Lindi tukiwa tumesinzia. Tulivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo lina urefu wa karibu kilomita moja. Zamani watu wa kusini walisubiri kivuko pale Ndundu, na masika barabara ilikuwa haipitiki. Nilitaka kuwaeleza watoto habari hizo, lakini walikuwa wakigombania dirisha. Dar es Salaam tulikaa wiki nzima kwa wifi yangu, na hiyo ilikuwa furaha ya kweli. Kisha tukapita Morogoro, tukalala Dodoma.

Hapo Dodoma ndipo tulipogombana. Fedha zilikuwa zinakaribia kwisha na kitinda mimba wetu alikuwa na homa. Mimi nilitaka turudi. Baba watoto alisema, "Singida hapo tu, mama. Saa chache." Tulisemezana kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, nao walisikia kila neno. Asubuhi tulikwenda. Tulishuka stendi ya Singida, tukanunua kuku wa kukaanga, tukapanda basi la kurudi.

Mikoa ilikuwa imefika 7. Tulipofika nyumbani nilimwuliza mtoto wa kati, "Uliona nini mkoa wa Pwani?" Akajibu, "Niliona mgongo wa kiti cha mbele."

Swali la Bibi

Jioni watoto walimwita bibi yao aone ramani. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kidole pembeni kabisa chini, pale Ruvuma inapoingia baharini.

"Na hapa mmefika?"

"Ndiyo, Bibi. Si ndiyo Mtwara? Tunakaa hapa."

"Mnalala hapa," alisema. "Kufika ni jambo lingine. Mimi kwetu ni Msimbati. Nani kati yenu anapajua?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka 14, na Msimbati haiko mbali: kutoka mjini haifiki kilomita 50. Mama mkwe alikuwa hajakwenda tangu azikwe kaka yake, wala hakuna aliyemwuliza kama anatamani kwenda. Usiku ule sikulala vizuri.

Msimbati

Likizo ya Desemba hatukukata tiketi ya basi la mbali. Tuliongea na jirani mwenye gari, tukapatana naye bei ya kwenda na kurudi. Nilipika wali wa nazi, nikachukua maji ya kutosha na khanga za kutandika. Kiti cha mbele kilikuwa cha Bibi. Tulipita Madimba, penye mitambo ya kusafisha gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Mbele kidogo njia ikawa mchanga mtupu, tukashuka sote kusukuma gari, isipokuwa Bibi, aliyekuwa akitoa maelekezo dirishani.

Bahari ya Msimbati ni safi mno. Tangu mwaka 2000 eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye matumbawe, mikoko na kasa. Ukienda, uliza kwanza habari za ada ya kuingia.

Bibi alitazama maji, akasema, "Yanakupwa. Twendeni." Magoti yale niliyoyafanya kisingizio yalitembea mchangani kuliko yangu. Aliwaonyesha wajukuu jinsi ya kukanyaga penye miamba, na mahali alipokuwa akiokota kome na mama yake. Kisha akaelekeza mkono kusini.

"Kule ndiko mto unakoingilia baharini. Ng'ambo ni Msumbiji. Mama yangu alizaliwa kule. Alivuka Ruvuma kwa mtumbwi, akiwa mgongoni kwa mama yake."

Baba watoto alisimama. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza, mwanangu. Na kila likizo mlikuwa na safari."

Wamakonde wako pande zote mbili za mto huo, na wengi wetu tuna ndugu ng'ambo tusiowajua majina. Hatukuendelea hadi mtoni kwenyewe, maana huko ni mpakani. Lakini kifungua mimba wetu alitoa daftari lake, akaketi kando ya Bibi, na hadi jua linashuka alikuwa bado anaandika majina.

Tunavyopanga sasa

Tuliporudi, watoto wenyewe waliomba raba. Walifuta Lindi, Pwani, Morogoro, Dodoma na Singida, na hata Mtwara. Ilibaki Dar es Salaam peke yake. Kisha wakampa Bibi penseli, akaupaka Mtwara kwa mkono wake, polepole, mpaka kwenye ukingo wa mto.

Hizi ndizo taratibu zetu tangu siku hiyo, huenda nawe zikakufaa:

Likizo moja, mkoa mmoja, na usiku usiopungua mbili. Mkoa wa kupita kwa basi hauhesabiwi.

Bajeti inaandikwa na baba na mama pamoja, kabla watoto hawajaambiwa tunakokwenda. Fedha ya dharura inafungwa kando, na mtoto akiugua tunarudi bila mjadala.

Kila mtu alete jambo moja la kusimulia: chakula alichoonja, salamu ya lugha ya pale, au mtu aliyezungumza naye.

Nauli ya mzee inahesabiwa kwanza.

Kwa utaratibu huo tuliirudia Lindi. Tulipanda mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, tukaingia katika msikiti mkuu wa kale. Magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Juni iliyofuata tulikwenda Songea, mkoani Ruvuma, kwa njia ya Masasi na Tunduru, tukaona Makumbusho ya Majimaji na kusikia habari za vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Baridi ya kule hatukuwa tumejiandaa nayo; Bibi alilala na khanga tatu.

Kwa hiyo tuna mikoa 4, imebaki 27. Baba watoto amepiga hesabu, akasema hatutaimaliza. Kifungua mimba akamjibu kwamba iliyobaki watamalizia wao.

Desemba hii tunakwenda Njombe. Bibi ameshaniletea kitambaa kizito. Anataka koti, lenye mifuko miwili.