Lamu hadi Mombasa na Amana ya Nyumba

Nyumba nyingi za Lamu leo zina kabati mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni ile ya mbao, yenye hati za viwanja, vyeti vya ndoa na picha zilizopauka. Ya pili ni kompyuta. Ndani ya hiyo ya pili ndimo zilimo picha za marehemu wetu, sauti za darsa za Ramadhani, kaswida za Maulidi, hati zilizopigwa picha kabla hazijaliwa na mchwa, na kazi za watoto za shule. Kabati ya mbao ikioza huonekana na kunusika. Ya pili huzima siku moja bila kuaga.

Yetu, alhamdulillahi, iliaga mapema. Laptopu ya nyumba, ya mwaka 2013, ilianza kuchukua dakika nane kuwaka, na tumboni mwake ukasikika mlio mdogo, mfano wa ukucha unaogonga kigae. Mafundi Lamu wapo, lakini vipuri ni vichache. Tukaizima, tukashika njia ya Mombasa.

Tulivuka kwa boti hadi Mokowe baada ya swala ya alfajiri, tukapanda basi. Barabara hupita Hindi na Witu, huvuka Mto Tana karibu na Garsen, kisha huteremka Malindi na Kilifi, ambako wazee wetu walingojea feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Laptopu tuliipakata njia nzima, imefungwa ndani ya kikoi. Hatukuwa tukiidekeza. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu ya kila sahani kichwa cha kusomea huelea kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya moshi. Ikipata mshtuko ilhali inazunguka, kichwa huikwaruza sahani, na kilichoandikwa hapo hakirudi. Kompyuta ya namna hiyo isafirishwe ikiwa imezimwa kabisa, wala si kulazwa usingizi tu.

Tuliteremka Mwembe Tayari alasiri, tukalala kwa jamaa zetu Kibokoni, na asubuhi tukaanza kuzunguka. Kanga na vikoi vina Biashara Street yao. Kompyuta Mombasa hazina mtaa mmoja wa kuzikusanya. Maduka yake yametawanyika, mengine kando ya Moi Avenue, mengine ndani ya majengo ambamo hupanda ngazi ya giza ukapita kwa fundi cherehani kabla ya kufika kwa muuzaji. Mashine nyingi zilizomo zilikwisha tumikia ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba kabla ya kuletwa kwa makontena. Tuliingia maduka matano, na katika yote tuliulizwa swali moja: mwataka ya ukubwa gani? Tulijifunza kwamba hilo ni swali la tatu. La kwanza ni aina, la pili ni umbo.

Aina ni mbili. Iko diski ya sahani, ambayo ukoo wake ni mrefu: ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 na uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yatosha kuijaza. Na iko diski ya chipu, iitwayo SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Ya sahani katika laptopu husoma yapata megabaiti 100 kwa sekunde. Ya chipu iliyofungwa mahali pale pale husoma kiasi cha 500. Lakini tofauti inayohisiwa nyumbani haitokani na hesabu hiyo pekee. Kompyuta inapowaka hutafuta maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika. Kichwa cha diski ya sahani hulazimika kuhangaika huku na huko, na chipu haihangaiki. Ndiyo sababu mashine ya zamani ikibadilishwa diski tu huonekana kama imezaliwa upya, na familia ikaokoa gharama ya kununua nyingine.

Umbo nalo lina hukumu yake. Laptopu nyingi za miaka ile huchukua diski ya inchi 2.5 inayochomekwa kwenye mlango wa SATA, na baadhi hukubali unene wa milimita 7 tu, si 9.5. Mpya zaidi zina nafasi ya M.2, kijibao chembamba mfano wa ubani wa kutafuna. Hapo pia pana mtego, kwa kuwa M.2 za SATA na M.2 za NVMe hufanana kwa macho, na mlango wa moja huenda usiitambue nyingine. RAM ni vivyo hivyo: DDR3 haiingii penye DDR4. Dawa ni kwenda dukani na mashine yenyewe, au na picha ya kibandiko kilicho juu ya diski ya zamani.

Baada ya hayo ndipo huja ukubwa. Nyumba yenye picha na hati hutosheka na gigabaiti 500. Yenye video za arusi itahitaji terabaiti 1. Na msishtuke mkiiwasha ikaandika 931. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024; hakuna aliyeibiwa.

Walioibiwa ni wale wanaonunua njiani. Katika meza za barabarani tuliona flashi na vidiski vya mfukoni vilivyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ambayo haiwezi kununua hata robo yake. Ndani huwa na chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Utaweka picha zako, majina yake utayaona yote, lakini nafasi ya kweli ikishajaa, kila kipya hufuta cha zamani kimyakimya. Programu ya H2testw, isiyolipiwa, huijaza diski hadi ukingoni kisha ikaisoma tena. Diski mpya ya akiba ipimwe hivyo kabla ya kukabidhiwa picha hata moja.

Fundi tuliyemkalia alikuwa kijana mpole, mwenye meza isiyotosha hata kuweka kikombe. Kabla ya kutuuzia chochote aliifungua kava kwa bisibisi, akaitoa diski, akaiunganisha na mashine yake na kuisoma kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha siha ya diski kwa rangi. Buluu ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Yetu ilitoka manjano.

"Ami," alimwambia mkubwa wetu, "hii tusiiguse kwa jambo jingine lolote mpaka tuinakili. Kila ikiwaka ni pumzi yapungua."

Alitumia ddrescue, ambayo huanza kunakili mahali palipo pazima na kuacha palipo pagonjwa, kisha ikarudi nyuma kujaribu vipande vilivyobaki kimoja kimoja. Ilianza saa nne asubuhi. Tulikwenda kuswali adhuhuri, tukarudi. Tukaswali alasiri, tukarudi. Jioni nakala ilikamilika, na vilivyopotea vilikuwa vichache: sehemu ya video moja na hati mbili za shule. Sauti ya babu yetu akisoma khitma, ambayo haiko mahali pengine popote duniani, ilisalimika. Hatuoni haya kusema kwamba tulilia.

Tukiwa tunangoja ndipo tulipoiona ndoo. Ilikuwa chini ya meza, imejaa diski kuukuu za wateja waliobadilishiwa na kuondoka bila kuzidai. Tukamuuliza fundi kama zimefutwa. Akatikisa kichwa. Alisema huzichukua wanunuzi wa vipuri, na mara nyingi zikiunganishwa hukuta kila kitu kimo: vitambulisho, taarifa za benki, na picha za usiku wa kupamba.

Wasomaji wetu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa neno hilo la mwisho. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Simu huzuiwa mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke anayeaminika. Ulinzi wote huo, kisha picha zenyewe zikaishia ndani ya ndoo ya plastiki mjini! Jambo hilo lilitugusa kuliko habari zote za kasi na ukubwa. Sitara ya nyumba haiishi pale diski inapoharibika.

Basi na ifahamike kwamba kufuta faili hakufuti kilichomo. Huondoa jina tu, kama kung'oa kibao cha mlangoni huku wenye nyumba wamo ndani. Kabla ya kuuza au kutoa kompyuta yenye diski ya sahani, yafaa iandikwe upya yote kwa programu ya kufutia. Diski ya chipu ina amri yake maalumu ya kujifuta, mwambieni fundi aitekeleze mbele yenu. Iliyokufa kabisa itobolewe kwa keekee mpaka sahani ipasuke, na ya chipu ivunjwe chipu zenyewe. Na mkibadilishiwa diski, ile ya zamani iombeni mikononi mwenu. Ni mali yenu. Yetu tulirudi nayo Lamu.

Lilibaki suala la programu. Tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo kutoka kwa Microsoft. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu yetu haikutimiza. Katika duka moja tuliahidiwa Windows "iliyofunguliwa" kwa bei ya chai na mahamri. Tulikataa kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya mtu ni mali yake, na kuvunja kufuli yake ni kula haki ya mwenziwe. Pili, anayekufungulia kufuli ya mwingine hana linalomzuia kuacha wazi mlango wako. Programu nyingi za kuvunjia leseni huja na virusi mgongoni.

Wala hakuna dharura inayotulazimisha kuiba, kwani za halali zisizolipiwa zipo. Fundi alituwashia Linux Mint kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, tukaijaribu hapo hapo: picha zikafunguka, sauti zikasikika, intaneti ikapatikana. Kwa RAM ya gigabaiti 4 inakwenda vyema. Pamoja nayo huja LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, inayofungua barua na hesabu za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kusogea kidogo. Na lugha yetu haikuwa mgeni huko: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo. Nyumba ambayo kazi ya mzazi au masomo ya mtoto yanahitaji programu ya Windows pekee, na inunue leseni, au itafute mashine iliyotumika inayokubali Windows 11. Kila nyumba na haja yake.

Upande wa pili wa maji yetu, kisiwani Pate, mji wa Siyu ulisifika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa misahafu. Unyevu na wadudu waliokula karatasi zao ndio hao hao waliopo leo. Elimu ya zamani ilitufikia kwa sababu watu walikaa wakanakili, na nakala zikatawanyika katika nyumba mbalimbali. Diski haikubadilisha kanuni hiyo. Haijatengenezwa diski isiyokufa, iwe ya sahani au ya chipu, iwe ya bei gani.

Kwa hivyo, ndugu wasomaji, kila jambo la thamani liwe na nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje, ya tatu katika nyumba nyingine, kwa ndugu au binti aliyeolewa, ili moto au mwizi wa nyumba moja asichukue zote. Ile inayotoka nyumbani ifungwe kwa nywila, na nywila ijulikane na watu wawili wanaoaminiana. Ya kabatini afadhali iwe ya sahani, kwa kuwa ya chipu ikikaa muda mrefu bila umeme huweza kusahau. Iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwani diski nyingi za sahani zina kitundu cha kupumulia, na hewa yetu ya bahari ina chumvi. Na kila baada ya miezi michache itolewe, iunganishwe, isomwe. Ramadhani inapokaribia na nyumba husafishwa, huo ni wakati mwema wa kuikumbuka.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie nyumba zetu na sitara zake, awarehemu wale ambao sauti zao tumebaki nazo, na atujaalie kuwa walinzi wema wa tulivyoachiwa. Amin.