Ikhtiari ya Waya, Kadi na Hewa

Tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoondoa ule upotoshaji wa makusudi ambao kwa miaka mingi ulikuwa umewekwa katika mawimbi ya setilaiti za GPS ili raia wasipate usahihi sawa na ule wa majeshi yake, kosa la mahali ambalo hapo awali liliweza kufika mita 100 lilishuka ghafla hadi mita 10 au 20 hivi, na sisi tuliokuwa katika kazi ya kuorodhesha visima na pampu za mkono vijijini tukatambua kwamba chombo ambacho jana kilitujulisha kitongoji tu, leo kiliweza kupambanua kisima na kisima. Zama hizo hizo kompyuta za kiganjani zilikuwa zimekwisha kushika soko: Palm ilitoka mwaka 1996, na mwaka 2000 ikaja iPAQ ya Compaq, yenye kioo cha rangi na nguvu ya kutosha kuonyesha ramani. Walakini hazikuwa na GPS ndani yake. Kipokezi kilikuwa chombo mbali, na kila aliyetaka kuvioanisha viwili hivyo alipaswa kwanza kuamua vitaungana kwa waya, kwa kadi, au kwa hewa.

Wengi walilichukulia suala hilo kuwa la wepesi na unadhifu tu. Mimi, kwa tajiriba ya kazi, nilikuja kuamini, na hata leo naamini, kwamba lilikuwa suala la umeme: ni betri ya nani itakayotumika, na ikiisha kutapotea nini. Kwani kompyuta zile, ni wajibu vijana waelezwe, ziliyahifadhi yote yaliyoandikwa ndani yake katika kumbukumbu isiyodumu ila kwa umeme. Betri ilipokauka kabisa, orodha ya mchana kutwa, majina ya vijiji, hali ya kila pampu na idadi ya kaya zinazoitegemea, yote yalitoweka, na chombo kikaamka kitupu.

Waya ndio uliotangulia, nao ulikuwa na fadhila zake. Kipokezi cha mkononi kilitumia betri zake chenyewe, zile ndogo za AA ambazo duka la kijiji halizikosi, na kwa hiyo hakikuidhulumu kompyuta hata kidogo. Na garini kilipata umeme kutoka tundu la kiwashio cha sigara, kikafanya kazi kutwa bila wasiwasi. Kupitia waya ule zilipita, kila sekunde, kwa mwendo wa biti 4800, sentensi za kanuni ya NMEA 0183, iliyotolewa mwaka 1983 na chama cha Marekani cha vifaa vya elektroniki vya baharini kwa ajili ya vyombo vya majini, na ambayo sisi wa bara tuliirithi kutoka kwa mabaharia. Nilipenda kuzisoma sentensi hizo zikiteremka kiooni, kila moja ikianza kwa alama ya dola, kwa maana ndani yake mlikuwa na saa, latitudo, longitudo, idadi ya setilaiti zilizotumika na kipimo cha ubora wa mpangilio wao angani, na mwenye kuzoea aliweza kujua kwa kutupa jicho tu iwapo nambari zile zinastahili kuaminiwa. Taksiri ya waya ilikuwa katika mwili wake: kila aina ya kompyuta ilikuwa na tundu la umbo lake, vumbi liliingia kati ya meno ya chuma, na anayekwenda kwa miguu vichakani alijikuta amefungwa mikono miwili kwa kamba fupi ambayo haikosi kunaswa na miiba.

Na waya ulisingiziwa hata makosa yasiyokuwa yake. Mara nyingi nukta tulizozipima zilipowekwa juu ya ramani za serikali za Afrika Mashariki ziliangukia mahali pengine, karibu mita 300 kaskazini au kusini mwa kisima chenyewe, na wenzangu wakataka waya ubadilishwe. Ilhali sababu ilikuwa kwamba ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, na GPS huhesabu kwa msingi wa WGS84, na tofauti ya misingi hiyo miwili katika nchi zetu ni kiasi hicho hicho. Aina yoyote ya muungano ingeleta nambari zile zile.

Kadi ya CompactFlash ilipokuja na kipokezi ndani yake, ilipendeza kila jicho. Iliingia katika ala ya iPAQ, ikachomoza kichwa kidogo chenye antena, na vyombo viwili vikawa kimoja bila uzi wowote. Lakini mimi niliikataa kwa kazi ya nyanjani, na wala sikujutia. Kadi haikuwa na betri. Ilinyonya ile ile iliyokuwa ikizilinda takwimu, na fauka ya hayo ilikalia tundu lile lile ambamo ungeweza kutia kadi ya kuhifadhia nakala. Yaani iliongeza hatari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikaondoa kinga.

Hewa, kwa maana ya Bluetooth, ambayo vipimo vyake vya kwanza vilitangazwa mwaka 1999, ilichelewa kutufikia, na ilipofika ilikuwa faraja ya kweli kwa mwenda kwa miguu. Kipokezi kidogo chenye betri yake kiliwekwa begani au juu ya kofia, mahali panapoiona mbingu, nayo kompyuta ikashikwa kivulini ambako kioo kinasomeka. Umbali wa mita 10 ulitosha na kusaza. Ilidai hadhari ya namna yake: betri mbili za kuchaji jioni katika kijiji kisicho na umeme, na tundu la kubuni lenye nambari ambayo programu moja ikiishika, nyingine hainasi kitu, hata Windows Mobile 5.0 ya mwaka 2005 ilipoleta njia ya kugawana kipokezi kimoja. Toleo hilo hilo liliziweka takwimu katika kumbukumbu inayodumu bila betri, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote.

Kisha mambo yakaenda upesi. Chipu ya SiRFstarIII ya mwaka 2004 ilisikia mawimbi dhaifu hata chini ya miembe. Nokia N95 ya 2007 na iPhone 3G ya 2008 zikaja na GPS ndani, na ikhtiari yetu ikafutika. Nashukuru, kwa kuwa leo mhudumu wa maji wa kijiji, kwa simu yake mwenyewe, hufanya kazi iliyotuhitaji sanduku la vyombo. Lakini sioni raha nikiona orodha ambamo latitudo imeandikwa hadi tarakimu ya sita baada ya nukta, ambayo maana yake ni sentimita 11 hivi, ilhali simu yenyewe hukosea mita kadhaa, na hakuna safu ya kutaja setilaiti wala kiasi cha kosa. Zile sentensi zingalimo ndani ya simu. Ila hazionyeshwi tena.

Wapima mipaka ya mashamba, kwa kuwa mita kadhaa hizo ndizo zinazowagombanisha majirani, wameurudia muungano wa nje: kipokezi cha usahihi wa sentimita juu ya fimbo, kikizungumza na simu kwa Bluetooth au kwa waya wa USB. Wakiniuliza, huwajibu kwamba garini watumie waya, kwa miguu watumie hewa, na katika hali zote mbili wahakikishe kwamba kipokezi kina betri yake na kwamba safu ya kosa imejazwa kabla hawajaondoka katika kona ya shamba.